Sahani Moja Mpaka Bujumbura

Nyinyi wa sokoni mmenichosha. Sijafungua hata dumu la kwanza la mawese asubuhi, mmeshanizunguka: "Mama Rama, walikukuta na nini tumboni? Na yule mwanamke aliishia wapi?" Nikimpa mmoja kipande cha habari, jioni nakikuta kwa wauza ndagala kimeshaota mkia na mapezi. Haya, nimekaa chini nimeandika yote. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na asitie chumvi yake.

Mnajua nilipasuliwa Bujumbura, nikatolewa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe. Kidonda kilifunga vizuri, nikarudi kazini. Halafu maumivu yakaanza upya, tena mabaya kuliko ya mwanzo. Yanashika hapa chini ya mbavu za kulia, yanapenya ndani mpaka mgongoni, natoka jasho, natapika, kulala siwezi, kusimama siwezi. Yakishakaa yanavyotaka yanaondoka yenyewe. Naweza kumaliza wiki nzima sina neno, kisha siku moja nimeketi tu baada ya chakula cha mchana, hayo yamekuja. Hapa Rumonge walinipiga ekografi, ile picha ya tumbo, wakarudia, wakasema tumbo safi.

Tumbo safi, na mimi nagaragara uani! Basi mdogo wangu Hamadi akatafuta sababu yake mwenyewe, wala hakwenda mbali. Akamwona Mama Neema.

Kwa wasiomjua, Mama Neema ni mpangaji wangu wa chumba cha nyuma. Alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania baada ya miaka mingi, akakuta shamba la baba yake limeshalimwa na watu wengine, ndugu hana hapa mjini. Ni Mkristo, mpole, anaongea Kiswahili cha redio mpaka tunamcheka. Tangu nipasuliwe yeye ndiye aliyekuwa akinipikia chakula cha mchana, maana binti yangu Rukia ameolewa Bujumbura, na mimi kuinama jikoni nilikuwa siwezi. Hamadi akaunganisha: maumivu yanakuja baada ya kula, chakula anapika nani? Kesi ikawa imekwisha.

Nanyi mnajua kwetu jambo la sumu halichezewi. Hata pombe wenzetu wanaokunywa, mwenye kuikaribisha anaionja kwanza ndipo mgeni aguse. Hamadi akaamuru Mama Neema aonje kila sahani yangu mbele ya macho ya watu. Akaonja. Yeye mzima, na mimi siku nyingine nagaragara vilevile. Hamadi akasema, "Mlozi hadhuriwi na dawa yake. Dada, kikulacho ki nguoni mwako." Wanaume wa mtaa wakatikisa vichwa, wakapitisha uamuzi: niende Bujumbura nikatazamwe upya, na nikirudi yule mwanamke awe ameshatoka uani kwangu.

Mwanamke akifukuzwa kwa jina hilo haendi popote. Mtaa wa pili watakuwa wamesikia kabla hajafika na godoro lake. Mimi nilijua, na yeye alijua. Alikuwa ameanza kukunja nguo zake. Ndipo nikasimama mbele yao nikasema: "Mgonjwa haendi hopitali bila murwaza wa kumtunza. Murwaza wangu ni Mama Neema. Kama ananiua, aniue mbele ya madaktari, wamshike." Hamadi alikasirika mpaka akaondoka bila viatu vyake.

Rumonge hadi Magara, juu ya madumu

Mtaniambia Bujumbura si mbali. Kweli, mazuti ya magari ikiwepo. Wiki ile minibasi zote zilikuwa zimelala, foleni ya magari kwenye pompi ilikuwa ndefu na pompi yenyewe kavu. Nikamwendea Deo, dereva anayebeba mawese yangu kila mara kwa lile kamio lake la mizigo.

"Mama, mazuti yangu inafika Minago," akasema. "Mbele ya Minago iko kazi ya Imana."

"Basi tutapanda na Imana, Mungu ni mmoja," nikamjibu.

Asubuhi ya kuondoka Hamadi alikuja. Mama Neema hakumtazama. Mimi alinipa boksi la vidonge, vile alivyoanza kuninunulia tangu nipasuliwe, vya kuyeyusha, unatia ndani ya kikombe cha maji vinachemka kama soda. Kwa mgongo wangu uliochoka kuinua madumu, sikuwa nimeona dawa iliyo bora. "Utakaa juu ya madumu, mgongo utauma," akaniambia. "Usisahau kula kwanza ndipo unywe." Macho yake yalikuwa mekundu. Mdogo wangu ananipenda, hilo msije mkalisahau mnaposoma yanayofuata.

Mbele mle ndani kulikuwa na mke wa Deo, mtoto wao na mbuzi, basi sisi tukapanda juu, kwenye madumu ya mawese. Ziwa upande wa kushoto, michikichi na milima upande wa kulia, na madumu yanatuingia mapajani kila shimo la barabara. Mama Neema alifunga kitenge chake vizuri, akatoa sala yake, mimi nikatoa bismillahi yangu, tukaenda.

Minago tulifika, na mazuti ikafika nasi, kama alivyosema Deo. Akashuka na kibuyu cha plastiki, akapotea kwa muda mrefu, akarudi na mazuti kidogo aliyoipata kwa mtu anayemjua mtu. Ikatupeleka mpaka Magara. Pale kamio likakohoa, likanyamaza, mbuzi akalia.

Magara, kwa Mama Janine

Magara ni watu wa kuvua usiku, kwa hiyo asubuhi wanaume wamelala na pwani ni ya wanawake. Deo akaenda kutafuta mazuti tena. Sisi tukakaa kivulini kwa mama mmoja mwenye jiko la samaki, Mama Janine, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye hakuacha kuongea tangu tulipokaa. Alituchomea mukeke wawili, akatuletea na bugali wa muhogo.

Mimi na Mama Neema tulikuwa tumeshaapiana tangu nyumbani: tunakula sahani moja, upande mmoja, mkono kwa mkono, mpaka Bujumbura. Yeye alitaka kuonja kwanza. Nikamwambia, "Chakula hiki si chako, unaonja nini?" Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tuondoke.

Tulikula vizuri. Mukeke alikuwa na mafuta, ngozi imekauka, ndani laini. Kisha mgongo ukaanza, na si ajabu baada ya yale madumu. Nikamwomba Mama Neema maji, nikatia kidonge changu, kikachemka, nikanywa.

Chai ya Mama Janine ilikuwa haijapoa nilipoisikia ile kamba ikikazwa chini ya mbavu. Nikajua. Nikashika nguzo ya kile kibanda, nikaenda chini. Nililia, sitaki kuwadanganya, nililia kama ninazaa. Mama Neema akanishika kichwa. Nikamwambia anipe kidonge kingine, akanipa, nikanywa, na maumivu badala ya kupungua yakazidi.

Watu wakajaa. Mmoja akauliza nimekula wapi. Hapo Mama Janine akapoteza kicheko chake chote.

"Mana yanje! Watasema ni mimi!" Akanyakua sahani yetu, akaanza kula mabaki mbele ya watu wote, mifupa, vichwa, macho ya samaki, huku anapaza sauti: "Muniangalie! Ninakula! Iko wapi sumu? Muniangalie vizuri!" Alikula mpaka bugali ulioshikana kwenye sahani. Mimi na maumivu yangu nilitaka kumwambia aache, atapaliwa na mfupa, lakini kilio kikanizidi.

Kisha mzee mmoja akauliza, "Nani alimupa maji?" Na macho yote yakahamia kwa Mama Neema.

Naomba niseme ukweli wote. Na mimi nilimtazama. Nilitazama vidole vyake vilivyoshika kikombe, nikajiuliza. Ilikuwa muda mfupi tu, lakini aliona. Akaweka kikombe chini.

Maumivu yalipoanza kulegea, jua likielekea upande wa Kongo, akaniinamia. "Mama Rama, niache nirudi. Nitachukua vitu vyangu, nitaondoka kabla hujafika. Umechoka kunitetea."

"Ukirudi nitajuaje?" nikamwambia. "Nikipona watasema ni kwa sababu umeondoka. Utabeba jina hilo mpaka kaburini, na mimi nitabaki mjinga. Kaa hapa."

"Na kama ni mimi?"

"Kama ni wewe nitakuwa wa kwanza kukwambia."

Mama Janine, ambaye sasa alikuwa ameshiba hadi anahema, alitulaza nyumbani kwake. Hakutaka malipo ya samaki. Alitaka tu nikae hai mpaka nitoke kijijini kwake.

Gitaza, begi linachemka

Deo alipata mazuti kesho yake. Tukaenda vizuri mpaka karibu na Gitaza, na hapo tukakuta mlima umeshuka barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, udongo na mawe vimelala njia nzima, na katikati kijito kimejitengenezea njia yake kwenda ziwani. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili. Deo akazima injini, akavua viatu, akalala chini ya kamio lake.

Akina mama wengine walikaa kusubiri tingatinga. Mimi nikauliza tingatinga linatoka wapi. Wakasema Bujumbura. Nikauliza lina mazuti? Wakacheka wote. Nikamwambia Mama Neema, "Vua ndala, tunavuka."

Pale kila taabu ina watu wake wa kazi, na wanaume walikuwa wameshajipanga kubebea watu mizigo, na wanawake wengine wakabebwa mgongoni pia. Mimi nilikataa mgongo wa mtu, nikampa mmoja wao begi langu tu. Tukaingia kwenye matope hadi magotini, Mama Neema amenishika kiuno, mimi namtukana Shetani kila hatua. Katikati ya kijito mbebaji wangu akateleza, begi likazama, akalitoa, likiwa linachuruzika maji kila upande.

Kufika ng'ambo akalitua chini. Begi likaanza kuunguruma. Kisha povu jeupe likatoka kwenye zipu.

"Yezu wanje!" Yule mtu akaruka nyuma, akamwangukia mwenzake. Watu wakakimbia. Mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba ni bomu, mwingine akasema ni mapepo, na mbebaji wangu akasimama mbali ananinyooshea kidole, "Mama, umenibebesha nini?"

Nilifungua. Vilikuwa vidonge vyangu vya Hamadi, boksi lote, vinachemka ndani ya begi juu ya nguo zangu. Nikaanza kucheka, Mama Neema akacheka, tukakaa kwenye jiwe tukacheka hadi machozi, na watu wakatuangalia kwa woga zaidi. Mbebaji hakurudi hata kuchukua ujira wake, ikabidi nimfuate.

Boksi lenyewe likabaki, limevimba kwa maji, ndani hamna kitu. Nililitia tena kwenye begi ili nikanunue mengine kama hilo mjini.

Ng'ambo tulipata gari dogo lililokuwa limegeuza, likatufikisha Buyenzi, pale Bujumbura, matope yakiwa yamekauka miguuni.

Buyenzi, kwa Rukia

Mwanangu Rukia alinipokea kwa kilio, ila Mama Neema yeye alipokewa kwa macho makavu. Hamadi alikuwa ameshapiga simu. Nilipokwenda kuoga nikasikia Rukia jikoni: "Dada, nisamehe, lakini kwangu nitapika mwenyewe."

Nikatoka na khanga ya kuogea. "Rukia, mlango wa jiko ufungue. Leo Mama Neema anapika, na anapika ninachotaka mimi. Nataka sombe. Na mawese usiyapime."

"Mama, unajitafutia kifo?"

"Ninatafuta jibu. Kama jibu ni kifo, hopitali iko karibu hapa."

Mama Neema akatwanga majani ya muhogo, akapika sombe. Aliweka ndagala, aliweka mawese mpaka yakaelea juu. Wakati wa kupakua akachukua kijiko aonje mbele ya Rukia na mume wake, kama alivyozoeshwa na Hamadi, na mimi niliona jinsi alivyofanya, kwa haraka, kichwa chini, kama mtu anayejifuta uso. Niliumia kuliko yale maumivu ya tumbo. Mtu mzima, mama wa watu, analamba kijiko ili aaminiwe.

Nikala. Nikaongeza. Kisha tukakaa sebuleni wote, tunasubiri. Rukia alikuwa ananitazama usoni. Mume wake alishaweka funguo za pikipiki mezani. Mgongo uliniuma sana siku ile, lakini vidonge vilikuwa vimeliwa na kijito cha Gitaza, na matope yalikuwa yamenichosha, sikwenda farumasi. Tukasubiri mpaka adhana ya alasiri, mpaka ya magharibi. Hakuna kitu. Nilicheua tu sombe.

Kesho yake maharage ya mawese, mkono uleule wa Mama Neema. Hakuna kitu.

"Anajua tunamwangalia," Rukia akanong'ona.

Na Hamadi kwenye simu: "Mlozi akiwa ugenini anaficha makucha." Nikamwambia, hivi, akiniumiza ni mlozi, asiponiumiza ni mlozi, sasa huyo mwanamke afanye nini ili awe mtu? Akakata simu.

Hopitali

Daktari wa kwanza alikuwa kijana mwenye haraka. Aliniandikia ekografi, akaitazama, akasema kwa Kifaransa chake, kisha kwa Kiswahili cha kunihurumia, kwamba ndani hakuna kitu, pengine ni mawazo, mama unafikiri sana, upumzike.

Sikuinuka kwenye kiti. Akanitazama. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ninafikiria bei ya mawese tu. Mawazo hayajawahi kunitapisha. Nyumbani kwangu kuna mwanamke atatupwa njiani kwa sababu ya maumivu haya ambayo unasema hayapo. Sitoki hapa mpaka mtu aniambie ni nini, au aniambie hajui, akaniitie mwenzake anayejua."

Wagonjwa mlangoni wakaanza kunung'unika. Mama Neema naye, kule nje, akanipungia mkono nitoke. Yule kijana alishusha pumzi, akatoka, na namshukuru, maana angeweza kumwita mlinzi. Alirudi na daktari mwingine, mwanamke wa makamo, miwani kwenye kamba. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu magoti kwa magoti.

"Amahoro, mama. Nisimulie siku moja iliyokuuma. Moja tu, tangu asubuhi."

Nikamsimulia Magara. Mukeke, bugali, chai. Akauliza na siku nyingine Rumonge. Maharage, ndizi, ndagala. Nilikuwa nimeshayajibu hayo kwa Hamadi, kwa wazee, kwa kila mtu, naweza kuyasema usingizini. Sahani na mpishi, sahani na mpishi.

Akaomba ile ekografi ya Rumonge. Nikaanza kutoa vitu ndani ya begi, na lile boksi lililovimba likaangukia mezani kwake. Nikataka kuliondoa, naona haya kwa uchafu wake. Akaniwahi mkono.

"Hizi unakunywa?"

"Mara mojamoja, mgongo ukiniuma. Baada ya kula. Dawa kali haifai tumbo tupu."

"Magara ulikunywa?"

Niliona kikombe, maji, povu, mkono wa Mama Neema. "Ndiyo," nikasema. "Kimoja. Na kingine maumivu yalipokuja."

"Na hapa Buyenzi, ulipokula sombe?"

"Vilikuwa vimeharibika majini."

Akamgeukia yule kijana, akamwonyesha jina lililoandikwa kwenye boksi. Ndani ya zile dawa kuna kitu kinaitwa kodeine. Alinieleza polepole, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Nyongo inatengenezwa na ini, inapita kwenye mfereji mdogo, na mwisho wa mfereji kuna kamlango ka kuingilia kwenye utumbo. Zamani kale kamlango kakifunga, nyongo ilikuwa na mfuko wa kusubiria. Mfuko wangu ulishatolewa. Na kuna watu ambao kodeine inakaza kale kamlango kwa nguvu, nyongo inarundikana, haina pa kwenda. Mimi nikafikiria dumu la mawese lililojaa pomoni, umelifunga kifuniko, umelisahau juani. Nimeyaona yanavyovimba.

Hakuishia hapo, msidhani alikisia tu. Alinitoa damu, akanituma kupigwa picha nyingine kubwa kuona kama halikubaki jiwe kwenye mfereji, tukangoja majibu, tukarudi, tukangoja tena, na daktari akanikataza kumtangazia mtu kabla ya majibu. Hakuna jiwe. Akanikataza dawa zote za namna ile, akaniambia kila daktari na kila farumasi niwaambie, na kama maumivu yatarudi bila dawa ile nirudi kwake mbio.

"Mbona hukuwaambia wenzangu kuhusu vidonge?" akaniuliza mwishoni.

"Waliniuliza ninakula nini," nikasema. Na ndiyo hivyo. Sisi tulikuwa tunatafuta mkono mbaya na sahani mbaya. Nani atafute kwenye boksi lililonunuliwa na ndugu yako kwa jasho lake?

Mama Neema alikuwa koridoni, ameketi chini, maana walisema murwaza asubiri nje. Aliponiona akasimama.

"Imeonekana?"

"Imeonekana."

"Ni mimi?"

Jamani. Yule mwanamke, kwa kuambiwa kila siku, alikuwa ameshaanza kuuogopa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amekaa chini pale anasubiri kuambiwa na daktari kwamba yeye ni sumu. Nilimkumbatia katikati ya korido, nikalia kwa sauti, na watu wakatupisha, nadhani walifikiri tumefiwa.

Kurudi Rumonge

Njia ya kurudi haina hadithi. Mlima ulikuwa umeshaondolewa, mazuti ilikuwepo. Magara tulisimama tukamwambia Mama Janine kwamba si samaki wake. Alipiga vigelegele pwani nzima ikasikia, akatufungia mukeke mmoja mkavu wa njiani.

Hamadi na wale wanaume walikuwa wananingoja uani. Begi la Mama Neema, godoro na sufuria zake zilikuwa zimetolewa nje, zimepangwa ukutani. Nikatoa boksi, nikaliweka mkononi mwa Hamadi, nikamweleza kama daktari alivyonieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaligeuza boksi, akalifungua, akachungulia ndani kama kuna kitu kitamjibu.

"Dada, nilikuwa nakuua mimi?"

"Hukuniua. Ulinipenda, lakini hukutaka kuuliza." Nilikuwa na maneno mengi zaidi ya hayo, nilikuwa nimeyapanga tangu hopitali. Nilipoona uso wake nikayaacha.

Wale wanaume walikumbuka ghafla kila mmoja ana shughuli. Hamadi akabaki. Aliinua godoro, akalirudisha chumbani, akarudi kwa sufuria, akarudi kwa begi. Mama Neema alisimama mlangoni amefunga mikono, hakumsaidia, hakumzuia. Na aliniambia jioni ile, kwa kile Kiswahili chake cha redio, kwamba nyumba atakaa, lakini kupika hatapika tena kwa ajili ya mtu yeyote wa ukoo wetu.

Nilimwambia ana haki.

Siku ya tatu Hamadi akaja mchana na sangala mkubwa, amemshika mkiani. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akasimama nje ya pazia kama mkwe, akabisha hodi. "Mama Neema, nimekuja kuomba unipikie. Nitakula hapahapa."

Nilikuwa nachambua mchele, nikaacha. Kisha pazia likafunguka, samaki akachukuliwa.

Alimpika vizuri, kwa mawese na nyanya. Majirani walikuwa wameshajua, kila mmoja amepata sababu ya kupita uani kwangu. Mama Neema akaleta sahani, akaiweka mbele ya Hamadi, na mkono wake wenyewe, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye kijiko ili aonje kwanza. Hamadi akamshika kifundo cha mkono, taratibu. "Acha, dada." Akachukua tonge kubwa, akachovya, akala. Akatafuna, akameza, akatazama sahani, akamtazama yeye.

"Chumvi imepungua kidogo," akasema.

Mama Neema akakaa chini palepale kwenye mkeka, machozi yanamtiririka, na anacheka.

"Hivyo tu," akamwambia. "Chumvi ikipungua, baba, sema chumvi."